Tusiwaambie Wanyamaze: Kumbukumbu ya Wanafunzi na Deni la Parokia Zetu



Kijana anapoagwa kwenda chuo kikuu, sisi watu wa Umatengo na wa mwambao wa Ziwa Nyasa tuna maneno ambayo karibu kila mzazi huyatamka. Nimeyasikia katika uwanja wa kanisa baada ya Misa, nimeyasikia stendi ya Mbinga kabla ya mapambazuko, na nimeyasikia Mbamba Bay, mama akiwa ameshika mfuko wa usipa mkavu ambao mwanawe atakwenda nao. Mzazi humshika mtoto mkono na kumwambia: "Kasome. Hayo mengine waachie wenyewe." Kila mmoja anajua "hayo mengine" ni yapi. Ni migomo, ni mikutano ya wanafunzi ya usiku, ni maandamano, ni kuuliza maswali kwa wakubwa. Nakiri mbele yenu kwamba nami nimeyasema maneno hayo. Niliyasema nikiwa padre kijana, mbele ya familia iliyokuwa imeuza kahawa yake yote ya msimu ule ili kumpeleka binti yao wa kwanza, na wakati ule niliona kwamba nimewapa ushauri wa hekima.

Makala hii nimeiandika kwa nia ya kuyaondoa maneno yale. Nawaomba pia viongozi wa halmashauri za walei, wa vigango na wa Jumuiya Ndogo Ndogo, tufikirie pamoja kwa nini Kanisa katika jimbo letu lisiwe na siku ya kuwakumbuka wanafunzi waliothubutu kusema, na kuwaombea wanaosoma sasa.

Tarehe ninayoipendekeza ni 22 Oktoba. Siku hiyo, Jumamosi, mwaka 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao mekundu. Walipinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa iliyowataka wasomi watumikie miaka miwili kwa jumla, na kwa miezi 18 ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wao. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawaka hasira. Wanafunzi 393 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Fikiria nchi iliyokuwa na wasomi wa kuhesabika kwa vidole, ikiwapoteza vijana karibu mia nne kwa siku moja.

Sitaki kuwapaka mafuta vijana wale. Walikuwa wachache waliobahatika kuliko wote, wakisomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba, wa korosho na wa kahawa, na hoja yao kubwa ilihusu mifuko yao wenyewe. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa na nafuu, jambo ambalo mzee yeyote wa Ruvuma aliyesimuliwa na babu yake habari za Wajerumani asingeweza kulivumilia. Hasira ya Mwalimu ilieleweka. Lakini ndani ya madai yao lilikuwamo swali moja la haki kabisa: kwa nini kujitoa kuanze na sisi, na mishahara mikubwa ya wakubwa ibaki vilevile? Mwalimu alilisikia swali hilo. Siku ileile alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wakubwa wa serikali nao wakapunguziwa. Haikupita miezi minne, tarehe 5 Februari 1967, likatolewa Azimio la Arusha pamoja na masharti ya uongozi. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye. Sisemi kwamba maandamano yale ndiyo yaliyozaa Azimio. Mambo makubwa hayana mama mmoja. Nasema kwamba mtoto mwenye makosa anaweza kuuliza swali sahihi, na baba mwenye busara hulichukua swali hata kama amemwadhibu mtoto.

Niongeze jambo ambalo sisi wa Tume hii hatuna budi kulijua. Tarehe 6 Januari 1967, mwezi mmoja kabla ya Azimio, Baba Mtakatifu Paulo VI aliunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, ambayo ndiyo mzizi wa tume zetu za majimbo na za parokia. Mwaka huohuo alitoa waraka wa Populorum Progressio juu ya maendeleo ya watu. Kwa hiyo Kanisa na taifa vilikuwa vikisumbuliwa na maswali yanayofanana kwa wakati mmoja.

Chuoni kule mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1967 kikundi cha wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika kiliunda umoja wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi kama USARF. Walisoma, walijadiliana na walimu wao, mmojawapo akiwa Walter Rodney kutoka Guyana, na walisimama upande wa wapigania uhuru wa Msumbiji, nchi ambayo watu wetu wa Chiwindi wanaiona kwa macho wakiwa kwenye mashamba yao. Mwaka 1969 walianzisha jarida lao wakaliita Cheche. Humo waliandika Karim Hirji, Henry Mapolu, Zakia Meghji aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha, na Issa Shivji, ambaye makala yake ya mwaka 1970 juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya iliwakera wakubwa. Novemba 1970 jarida na umoja wenyewe vilipigwa marufuku. Walielezwa kwamba tawi la Umoja wa Vijana wa TANU latosha, na kwamba jina la Cheche lina harufu ya kigeni.

Hapa ndipo habari hii inapofika nyumbani kwetu. Jarida lililobaki chuoni, lile la Umoja wa Vijana, liliitwa MajiMaji. Jina lilichukuliwa kutoka katika damu ya kusini. Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kufundishwa maana ya kumbukumbu, kwa sababu kila mwezi wa Februari tunakwenda Songea, mahali walipozikwa pamoja mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Tunakwenda tukijua vizuri kwamba dawa ya maji haikuzuia risasi. Hatusemi, "Kwa kuwa walikosea kuhusu maji, basi tusiwakumbuke." Tunawakumbuka kwa sababu walikataa kulimishwa pamba kwa viboko. Kama tunaweza kuwa waadilifu namna hiyo kwa babu zetu, tunaweza pia kwa wanafunzi.

Na kabla ya kufungwa kwa Cheche, mkoa wetu ulikuwa umeshapata pigo la namna ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianza kuishi na kulima pamoja huko Litowa. Kazi ile ilikua ikawa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, chenye vijiji 17, chenye kinu cha kusaga nafaka, na chenye shule ambamo watoto walifundishwa kujiendesha wenyewe. Hawakusubiri kuamriwa, walikaa, wakajadili, wakaamua. Mwalimu mwenyewe aliwapenda. Hata hivyo Septemba 1969 chama tawala kiliamuru chama chao kivunjwe, na mali yao ikachukuliwa. Naona ndugu hao wawili, wakulima wa Litowa na wanafunzi wa Mlimani, walizimwa kwa kosa moja: walifanya kwa hiari yao yale ambayo viongozi walitaka yafanywe kwa amri. Wazee wetu wanaposema "waachie wenyewe", huenda wanakumbuka jambo kama hili. Woga wao una historia, nasi tusiudharau.

Nisiwachoshe na orodha. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, aliyekuwa Mkenya, alikamatwa chuoni na askari wenye silaha na kurudishwa kwao, na wanafunzi Watanzania wakagoma kuingia madarasani kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa wa nchi yao wala wa kabila lao. Tarehe 5 Machi 1978, Dominika ya nne ya Kwaresima, wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Safari hii hawakudai chochote kwa ajili ya matumbo yao. Wapatao 350 walifukuzwa. Huko Kenya, Titus Adungosi, mwenyekiti wa wanafunzi wa Nairobi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 1982 na akafia gerezani mwaka 1988. Tena, tuwe wakweli: aliyekuwa mwenyekiti wa USARF ni Yoweri Museveni, ambaye yuko Ikulu ya Uganda tangu mwaka 1986, na wanafunzi wa Makerere wameyaonja marungu ya askari wake walipoandamana juu ya ada mwaka 2019. Kuwa mwanaharakati ujanani si ubatizo usiofutika.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonisukuma kuandika, nalo ni chungu. Mei 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa kutokana na mvutano kati ya wanafunzi na serikali, na hakikufunguliwa hadi Januari 1991. Watu wengi wanaukumbuka mwaka ule kwa sababu hiyo. Lakini miezi mitatu tu kabla ya kufungwa, Februari 1990, mwanafunzi mmoja wa kike alijiua. Jina lake liliandikwa sana magazetini. Mimi hapa naliacha lipumzike. Katika chuo kile kulikuwa na desturi ya kubandika ukutani maandishi na michoro ya siri, ikijulikana kama Punch. Ilikuwa ni kejeli ya kuwachokonoa wakubwa, na wapo waliotetea kwamba ni uhuru wa kusema. Baadaye ikageuka kuwa fimbo ya kuwapiga wasichana. Msichana aliyemkataa mwanamume alichorwa, akatukanwa, na kisha akatengwa: mtu aliyeonekana akizungumza naye aliandamwa naye. Binti yule aliandamwa, akaomba msaada, hakupata mkono wa kumshika.

Ndugu zangu, tupime jambo hili polepole. Palepale walipopaza sauti dhidi ya marupurupu ya mawaziri, palepale walipogoma kwa ajili ya mgeni kutoka Kenya, palikuwa na mabweni yaliyojaa vijana wasomi, wengi wao wabatizwa, waliopita mbele ya ukuta ule wakasoma, wakacheka au wakanyamaza. Sisemi kwamba kila mmoja alikuwa mwovu. Nasema hakuna aliyetaka kuwa wa pili kuchorwa. Kwa hiyo tunapowakumbuka wanafunzi waliothubutu, lazima katika Misa ileile tumkumbuke yule ambaye wenzake hawakuthubutu kwa ajili yake. Tukiacha nusu hiyo, tutakuwa tunawafundisha vijana kwamba haki ni jambo la kudai kwa waziri tu, na si la kutenda kwa jirani wa chumba cha pili.

Msidhani naandika nikiwa nimesimama juu. Nikiwa katika malezi ya upadre, katika nyumba ambayo sitaitaja, mwenzetu mmoja aliondolewa usiku. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu na godoro limekunjwa. Tuliimba masifu ya asubuhi kama kawaida, tukanywa uji, tukaingia darasani, na somo la siku ile, nakumbuka, lilikuwa la maadili. Huenda alistahili kuondolewa. Hadi leo sijui. Ninachojua ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, wala aliyemwandikia barua. Tuliitana ndugu.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1987 juu ya masuala ya jamii, alifundisha kwamba mshikamano si huruma ya kupita inayotujia tunaposikia mateso ya watu wa mbali. Ni uamuzi thabiti wa kujishughulisha na mema ya wote, kwa kuwa sote tunawajibika kwa kila mmoja. Neno hili "mshikamano" tunalitumia sana katika hotuba, hata limeanza kuchuja. Vijana wa vyuoni wana neno lao ambalo mimi nalipenda zaidi: kubebana. Mwanafunzi aliyepata chumba bwenini humchukua mwenzake aliyekosa, wakalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja muhula mzima. Wakuu wa vyuo hukataza jambo hili, na wana sababu za afya na usalama zinazoeleweka. Lakini mimi, nilipokuwa nikiwahudumia wanafunzi, nilikutana na kijana wa mwambao wetu aliyekuwa "amebebwa" namna hiyo na Mwislamu wa Tanga kwa mwaka mzima, kwa kuwa fedha za mkopo zilikuwa hazijafika na nauli ya mjini ilimshinda. Nilimuuliza kama parokia yake inajua. Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemuuliza kama samaki wa ziwani wanajua. Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya kubeba mizigo ya wenzetu, sidhani alifikiria kitanda cha futi mbili na nusu, ila nadhani angekielewa.

Aibu hapo ni yetu. Sisi tunajua kuchanga. Kijana akipata nafasi, jumuiya inachanga, kigango kinachanga, shangazi aliyeko Songea anatuma kidogo, na padre anatoa baraka. Basi likishaondoka tunaliona jambo limekwisha. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewasaidia watoto wengi wa maskini, na ni haki kuishukuru serikali kwa hilo. Lakini kati ya mwanafunzi kufika na fedha kufika kuna njaa, na katika njaa hiyo mabinti wetu hukutana na wanaume wanaoijua ratiba ya njaa hiyo vizuri sana. Kisha kijana akirudi likizo tunampa kazi ya kupanga viti vya sherehe, tunamwomba aandike muhtasari wa kikao kwa kuwa ana mwandiko mzuri, wala hatumuulizi amekula nini, amelala wapi, ameona nini.

Nimeshasikia pingamizi, tena kutoka kwa mzee ninayemheshimu sana, mwenyekiti wa kigango kimoja cha milimani. Aliniambia: "Baba, mtoto akifukuzwa, wewe hutalipa ada. Utaombea tu." Sina jibu la haraka kwa neno hilo, kwa maana ni la kweli. Wazazi wa mwaka 1966 na wa mwaka 1978 waliwaona watoto wao wakirudi nyumbani bila cheti, na hakuna hotuba iliyowafuta machozi. Ndiyo maana siwatumi vijana barabarani, wala sitaki mwanasiasa yeyote, wa chama chochote, awafanye ngazi ya kupandia kisha aisukume. Mgomo unaochoma jengo au kumpiga mwenzao asiyetaka kugoma si tendo la haki. Lakini mzee wangu, tumekuwa tukimwacha kijana abebe gharama peke yake, kisha tunamsifu kwa kunyamaza. Ikiwa dhamiri itamdai aseme, na akasema kwa adabu na kwa ukweli, basi gharama hiyo tuigawane kama tunavyogawana msiba. Swali hili, tena, halituachi sisi viongozi wa Kanisa. Maaskofu wetu wana vyuo vyao, kuanzia kile cha Mtakatifu Augustino kilichoanza Nyegezi, Mwanza, mwaka 1998. Mwanafunzi anapobisha mlango wa ofisi iliyo na msalaba ukutani, atapokewa kwa namna tofauti na alivyopokewa penginepo? Wenye ofisi tujipime.

Ninachokiomba ni kidogo. Dominika iliyo karibu na tarehe 22 Oktoba, nia moja ya Misa iwe kwa ajili ya wanafunzi: waliofukuzwa, waliofungwa, waliokufa, na yule binti. Oktoba ndio mwezi ambao vijana wetu hufungasha mizigo kuelekea vyuoni, kwa hiyo wengine watakuwapo kanisani. Wapewe nafasi ya kusema, si kuimba tu. Kila parokia iwe na daftari la wanafunzi wake: jina, chuo, jumuiya aliyotoka, na namba ya simu. Paroko amwandikie padre mlezi wa wanafunzi wa chuo husika, ili mgeni apokewe na wenzake wa umoja wa wanafunzi Wakatoliki asianze kwa kutangatanga. Sehemu ya mavuno tuliyozoea kutoa kwa sherehe iwekwe akiba ya dharura, ya wale ambao mkopo umechelewa. Na asiye Mkatoliki wa kijiji kilekile asifungiwe mlango, maana yule wa Tanga hakumuuliza kijana wetu cheti cha ubatizo.

Nami, kwa upande wangu, stendini nimebadili maneno. Namwambia kijana asome sana, na usiku wa kwanza atakapofika aulize ni nani hana pa kulala.

Daftari la parokia yetu liko sakristia, juu ya kabati la mavazi, na kalamu imefungwa kwa uzi. Hadi Dominika iliyopita lilikuwa na majina kumi na moja. Wazazi, najua wako zaidi ya hao.